Jembe la Msiba Lililogongewa Mgombea

Saa moja asubuhi, kwenye kona ya vumbi jekundu katika komini ya Mususa, mjini Butembo, Emérence Katungu anasimama. Anashusha kipaza sauti begani, anatoa bamba la jembe kuukuu katika mfuko wa koti, analigonga kwa nondo mara tatu. Kisha anatamka jina.

"Papa Issaka, chauffeur wa camion, bwana ya Mama Zawadi. Amefariki. Banamuzika leo leo!"

Anangoja. Mlango unaofunguka ni mmoja tu. Jirani yake Solange anatoa kichwa, mswaki ungali mdomoni.

"Mama Katungu, ni mutu amekufa kweli, ao ni député tena?"

Nyuma ya ua watu wanacheka kusikia mbunge akitajwa. Katungu anatazama viatu vyake, na mwandishi aliyefuatana naye anajikuta akitazama pembeni pia.

Katungu, mjane wa miaka 49, ni mpiga mbiu. Wenye maduka humlipa faranga elfu tano atangaze chumvi, mabati au dawa ya kuku. Mtoto aliyepotea na mtu aliyekufa huwatangaza bure. Kanuni yake inajulikana na mtaa mzima: akisema huku anatembea, ni biashara. Akisimama na kugonga jembe, ni kifo.

Na jembe likilia, watu hutoka na kitu mkononi: kuni, dumu la maji wanaloliita bidoni, unga kidogo.

"Batu habakuwa banauliza kwanza ni nani," anasema. "Banatoka na kuni. Njiani ndiyo banauliza."

Hilo ndilo lililowavutia vijana wa mgombea mmoja wa ubunge, wakati wa kampeni iliyopita. Walikuwa wameona kwamba Katungu akipita anatembea, watu wanaendelea na shughuli zao. Basi wakamletea dola ishirini na sharti moja: asimame, agonge jembe, ndipo atangaze kwamba mgombea ameshaleta maji ya bomba Mususa, na Jumatatu yatatoka.

"Nilisema kwa roho yangu, ni habari muzuri, hapana ya kuumiza mutu."

Akasimama. Akagonga. Wanawake wakatoka na kuni kichwani, wakitafuta nyumba ya msiba. Walichokuta ni Katungu anashangilia maji.

Mmoja wao alikuwa na mama mgonjwa hospitalini. Alikuja mbio, analia, bila viatu.

"Aliponiona nacheka ndani ya mégaphone, alikaa chini tu, kwa vumbi. Hakunitukana. Afazali angenitukana."

Anaposimulia hayo, Katungu anafunika mdomo kwa kitenge, na sauti inayosikika hadi ng'ambo ya bonde inakuwa ya kunong'ona.

Jumatatu ilifika, maji hayakufika. Nadège, mtangazaji wa redio moja ya mtaani mwenye kipindi cha kuhakiki maneno ya wanasiasa, alifanya jambo jepesi ambalo hakuna aliyelifikiria. Alilifuata bomba kwa miguu. Lilikuwa limelazwa vizuri kando ya barabara, mahali pa kuonekana. Nyuma ya kilima likakatika. Halikuunganishwa na chemchemi yoyote.

Kabla ya kurusha habari hiyo, alimtafuta mpiga mbiu.

"Nilimuuliza tu, 'Mama, ulienda kuona?'" anakumbuka Nadège. "Alisema hapana. Alilia hata sijamaliza."

Redio ilisema ukweli, lakini kura zilikuwa zimeshapigwa. Mgombea alishinda. Siku hizi anaitwa mheshimiwa, na bomba lake bado linakunywa mvua. Uongo ulikuwa wake. Dhihaka ilibaki kwa Katungu.

Asubuhi hii dhihaka hiyo imemwangukia mtu asiyehusika. Papa Issaka, dereva wa lori, alikuwa Mwislamu, na familia yake inataka azikwe kabla ya alasiri. Uani kwake yamebaki mabidoni mawili ya maji, hayatoshi kumwosha marehemu na kupikia wageni. Makaburini wanachimba watu wawili.

Lukumani, mdogo wa marehemu, anamwendea Katungu anapoingia uani msibani.

"Mama, batu bako wapi? Uligonga?"

"Niligonga, papa."

Hamlaumu. Anaitika kwa kichwa, anavua koti, anakwenda kuchimba. Katungu anabaki katikati ya ua na jembe lake mkononi, hajui aliweke wapi.

Ndipo anarudi barabarani. Hagongi, wala hawashi kipaza sauti. Anabisha kwa Solange.

"Sikuombi uniamini. Kuya uone na macho yako."

Solange anamfuata mikono mitupu, bado na shaka usoni. Anaingia kwa Mama Zawadi. Anatoka akiwa amejifunga kitenge kiunoni, na sauti yake, isiyo na kipaza chochote, inapita ua hadi ua: "Ni kweli! Bamama, ni kweli! Mulete maji!"

Mabidoni yanaanza kuja. Wanaume wanapita na majembe begani, wengine wakikwepa macho ya Katungu. Yeye mwenyewe anabeba maji kutoka chemchemini, anakwenda na kurudi, hadi blauzi inamganda mgongoni. Papa Issaka anazikwa alasiri haijaingia.

Sasa, anasema, habari yoyote ya mwanasiasa ataifuata kwanza kwa miguu, Nadège akiwa naye. Na hata ikiwa kweli, ataitangaza anatembea.

Solange anapita kurudisha bidoni. "Siku ingine ukigonga, nitakuya kuona kwanza," anamwambia bila kusimama.

"Kuya uone," Katungu anajibu.

Anakaa kwenye kizingiti, anafuta bamba la jembe kwa ncha ya kitenge. Anaulizwa anatumaini nini.

"Na miye nitakufa siku moja. Kuko mutu atagonga hii jembe," anasema. "Ile siku, sitaki baulize kama ni député."