Kijiko cha Biriani Mchana wa Ramadhani

Miaka ile ya themanini, dada yangu alipoanza kutokea kwenye televisheni akifundisha mapishi, sisi nyumbani Malindi hatukuwa na televisheni. Tulikwenda kumwangalia kwa jirani mwenye duka la vitambaa, aliyefunga antena kwenye boriti ndefu juu ya paa. Picha ilijaa chenga, lakini sauti ya dada ilitujia safi. Mama aliketi mbele kabisa, na wanawake walimpa mkono kama aliyejifungua jana.

Mama alikuwa mpishi wa harusi. Mji wa kale mpishi haitwi kwa kadi. Mwalishi, yule bibi apitaye nyumba hadi nyumba kualika watu, humfikia mpishi kwanza, na tambuu mkononi. Dada alijifunza kwa mama, na harusini ndiko mkubwa mmoja wa televisheni alikokula pilau yake akamchukua Nairobi.

Mimi niliacha shule darasa la tano na tangu hapo sikutulia. Nimekokota chumvi Marereni, nimelima Jilore, nimeosha sahani hoteli za watalii. Safari moja nilimfuata dada Nairobi kumchukulia masufuria, lakini hasa nilitaka kujua picha inaingiaje kwenye lile sanduku. Fundi alinionyesha mkanda. Walirekodi vipindi kadhaa kwa siku moja, dada akibadilisha leso kila kimoja kinapoisha. Taa zilichoma mpaka tui likakatika, na chini ya meza kulikuwa na sufuria ya pili iliyopikwa jana yake. Mwisho wa kila kipindi alionja, akafumba macho, akatabasamu. Ndivyo alivyoagizwa. Ilikuwa mwezi wa Rajabu, bado miezi miwili kufika Ramadhani.

Kipindi cha biriani kilionyeshwa Ramadhani, alasiri, jua lingali juu. Sebule ya jirani ilijaa watu wenye saumu zao. Dada akachota kijiko, akakitia kinywani, akatafuna.

"Astaghfirullah," mtu akasema nyuma yangu.

"Ni mkanda huo," nikasema. "Alipika Rajabu. Nilikuwapo."

Mwenye duka akacheka. "Msomaji habari twamwona papo hapo, dadako ndiye wa kutiwa mkebeni kama samaki?"

"Labda ana udhuru," akasema mkewe, akitaka kusaidia.

"Mwenye udhuru hula mafichoni," akajibu mumewe. " Hali mbele ya Kenya nzima."

Mama alijifunika uso kwa mtandio, akaondoka kabla ya adhana.

Dada alifika mkesha wa Iddi, mikono imejaa zawadi. Mfunguo mosi, mwezi uanzao na Iddi, kulikuwa na harusi ya mtoto wa mjomba, na yeye na mama ndio waliotarajiwa kupika. Siku ya kualika tulimwona mwalishi akija na mkoba wake. Akapita barazani petu, akaingia nyumba ya pili. Nilimkimbilia.

"Shikamoo, bibi. Umetupita."

"Marahaba. Niache na njia yangu, mjukuu wangu."

"Dada hakula Ramadhani. Walimrekodi."

"Walimrekodi! Si wewe uliyetwambia Marereni chumvi huota mashambani kama mchicha? Watu hawali chungu cha mla mchana. Wala cha mamake, maana ndiye aliyemlea."

Niliporudi, mama alikuwa amemkabili dada jikoni. Hakupaza sauti.

"Niambie mimi, mwanangu. Ulikula?"

Kweli kabisa mama alimwuliza hivyo, yeye aliyemfundisha kushika mwiko. Dada akaenda kufunga sanduku lake.

Huko Nairobi alikataa kuonja tena mbele ya kamera, mwezi wowote. Wakubwa wakamwambia mpishi asiyeonja chakula chake anatisha watazamaji. Akashikilia. Wakamtafuta mwingine, mwenye kucheka sana, na dada akaishia kusonga ugali katika bwalo la chuo. Malindi watu walilalamika: yule mpya hajui hata kukuna nazi, kwa nini hawamrudishi dadako?

Baadaye kidogo video ziliingia mjini. Harusi zikaanza kurekodiwa, na mwenye duka akanunua mashine ya kuzichezesha. Ramadhani moja, alasiri, nilikuta sebule imejaa watu wakitazama harusi ya miezi iliyopita. Mwalishi alikuwamo sebuleni, na alikuwamo kwenye video, anatafuna nyama ya pilau, mafuta yanamtiririka kidevuni. Watu walikufa kwa kicheko.

"Bibi," nikamwambia, "mbona unakula mchana?"

"Wewe nawe! Si harusi ya juzi hiyo, huoni?"

"Naona."

Nilitazama nyuso moja moja. Hakuna aliyeacha kucheka, hakuna aliyegeuka kuelekea nyumba yetu.

Nilipanda basi nikamsimulie dada. Nilidhani angalau atacheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi, mvuke wa ugali usoni.

"Na mama alikuwamo kwenye hiyo video?"

"Hapana. Hawakumwalika."

"Basi hujaniletea kitu," akasema, akaendelea kusonga.