Mizizi ya Manjano ya Gikomba

Miaka ya sabini niliuza sokoni Gikomba, Nairobi, mizizi ya mti wa porini yenye rangi ya manjano, dawa ya tumbo na rangi ya ukindu wa mikeka. Wauzaji wengine walipaka vijiti vyovyote bizari, wakaviuza kama mizizi hiyo. Siku moja mama wa Pumwani, msusi wa mikeka, alinirudishia fungu mbele ya wateja.

"Kijana, hii ni bizari tupu."

Nikaona biashara inakufa. Nilivunja mzizi, nikamwonyesha manjano hadi ndani, nikautafuna bila kukunja uso. Nani mwingine angeweza?

"Bizari haina uchungu huu, mama. Onja."

Akaonja, akatema, akafuta ulimi kwa leso.

"Uchungu kama talaka," akasema.

Wateja wakacheka, wakanunua. Nami nilisoma hadi darasa la tatu tu.