Alitumwa vifungo, akarudi na tundu sikioni

Saa mbili kasorobo asubuhi, shati la kumi na moja liko mezani. Mama Kola analishika mabegani, analitikisa mara moja, kisha analilaza. Anaanza na kola, upande wa ndani kwanza, kutoka nchani kwenda katikati. Mvuke unatoka kwenye pasi kwa mkoromo, unampanda usoni, na kitu kidogo kinameta kwenye sikio lake la kushoto.

Hakiko pale ambapo macho yamezoea kukitafuta. Kiko kwenye kile kinundu kigumu mbele ya tundu la sikio, kile ambacho mtu hukibonyeza kwa kidole akichoshwa na kelele. Ni kipini cha chuma, na kichwa chake hakizidi punje ya mtama.

"Nikiinama sana kinapata joto," anasema bila kuinua macho. "Si joto la kuunguza. Ni kama mtu amekusogezea mdomo akitaka kukunong'oneza."

Ana miaka hamsini na mmoja, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimalizia kwenye chumba cha nyuma cha duka hili la dobi. Jina la Mama Kola alipewa na wenzake, kwa jinsi anavyozinyoosha kola, na wapo wateja wanaoacha maagizo kwamba shati lao asiliguse mwingine. Kwa siku hupiga pasi mashati mia moja, na siku za msongamano mia moja na arobaini, yote kwa kusimama. Ujira wake unatosha kodi na chakula. Kikibaki kitu, anasema, ujue mwezi huo hakuna aliyeugua nyumbani.

Kwa miaka yote hiyo hakuna mwenzake aliyewahi kuliona sikio hilo. Alifunga kitambaa kichwani kikashuka hadi shavuni, hata chumba kiwe na joto la tanuri. Waliodhani ni mambo ya dini walinyamaza kwa heshima, na waliodhani nywele zimemkatika wakanyamaza kwa huruma.

Ukweli ni kwamba nyama ya chini ya sikio, ile inayovalishwa hereni, ilikuwa imechanika vipande viwili.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Dada yake, aliyemzidi miaka mitano, alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa ukarani katika shule moja, na kwa mshahara wake wa kwanza alijinunulia hereni za duara. Mdogo mtu aliziomba avae kwenda kumtembelea rafiki. Njiani, mchana kweupe, kijana mmoja aliyekuwa akija mbele yake alipunguza mwendo kana kwamba anataka kuuliza njia, akanyoosha mkono, akavuta, akakimbia.

"Sikusikia maumivu pale pale. Nilisikia mlio, kama kitambaa kinachanika," anakumbuka. "Nikafika nyumbani nimeshika sikio, damu hadi kiwikoni. Dada akafungua mlango, akaniuliza, 'Hereni ziko wapi?'"

Ilikuwa imebaki moja, ya sikio la kulia. Aliivua akamkabidhi. Kidonda kilipona chenyewe, kila kipande upande wake, na jambo hilo halikuzungumzwa tena. Hawakugombana. Walitembeleana, waliuguziana watoto, wakazika wazazi pamoja. Lakini kuanzia siku hiyo Mama Kola hakuazima tena kitu cha dada yake, hata mwavuli.

Miaka thelathini na miwili ikapita hivyo, hadi Jumanne moja, miezi mitano iliyopita.

Siku hiyo mzee mwenye duka alimtuma vifungo vyeupe vya shati kwenye jengo la maduka, mtaa wa pili. Akakuta duka la vifungo limefungwa, na kwenye kioo kuna karatasi iliyoandikwa: Narudi baada ya dakika kumi. Hakuwa na pa kukaa, kwa hiyo akawa anatembea ukumbini akitazama vilivyomo. Mlango uliofuata ulikuwa na mchoro wa sikio, mkubwa kama sinia, umewekwa vitone vyekundu kuonyesha kila mahali panapoweza kutobolewa.

Alivihesabu. Vilikuwa kumi na vitatu.

"Mimi nilijua sikio lina mahali pamoja tu, na pangu palishaharibika," anasema. "Nikasimama pale kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina vyumba kumi na viwili hajawahi kuvifungua."

Akaingia ili aulize tu. Ndani kulikuwa na kiti kimoja, taa, na mwanamke kijana aliyevaa glavu, akipanga vifaa vyake kwenye trei. Mama Kola akamwuliza kama vile vitone ni vya kweli au pambo la ukutani. Mtoboaji akamwambia ni vya kweli, akamwonyesha kimoja kimoja kwenye masikio yake mwenyewe. Walipofika kwenye kinundu, mgeni akauliza kama panauma.

"Panauma kwa muda wa kusema 'aa'," mtoboaji akamjibu. "Ukimaliza kusema, pamekwisha."

Hakuwa amepanga chochote. Anasema alijisikia tu akikaa kwenye kile kiti, na mkono wake mwenyewe ukifungua kitambaa. Mtoboaji aliliona pengo la chini, akasogeza taa. Aliosha, akatia alama kwa kalamu, akamwambia avute pumzi. Gharama ilikuwa sawa na ujira wa siku moja na nusu.

Aliposimama akashika kitambaa ili akifunge kama kawaida, mtoboaji akamzuia mkono. Kitambaa kisiguse hapo kwa miezi mitatu, akasema, kitakwaruza kidonda na kuleta usaha.

"Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa," anasema Mama Kola, na hapa anaiweka pasi pembeni ili acheke vizuri. "Nilitoboa tundu moja, kumbe nimefungua mlango mzima."

Alirudi kazini kitambaa kikiwa shingoni, sikio lote hadharani, na vifungo alikuwa amevisahau. Mwenye duka alitazama, akatazama tena, kisha akauliza swali moja tu la kikazi: kile kipini kikidondoka kwenye shati la mteja itakuwaje? Wakakubaliana awe anakikagua kila asubuhi kabla ya kuwasha pasi. Wenzake ndio waliouliza kuhusu pengo, mmoja mmoja, na kila mmoja akasimuliwa. Anasema aliposimulia mara ya nne aliona kisa chenyewe kimekuwa kifupi.

Nyumbani mume wake, ambaye ni fundi wa majokofu, alichukua tochi yake ya kazini akamulika pale kwa makini kama anayetafuta gesi inapovujia. Akataka kujua kwa nini mkewe asingetoboa pale pa kawaida.

"Pale hapapo tena, mume wangu," alimjibu. Tochi ikazimwa.

Siku ya sita sikio likavimba, likawa la moto, na halikulalika. Alikuwa amekishika kipini kwa vidole vyenye wanga wa kola. Mumewe alimsihi akitoe. Akarudi kwa mtoboaji, akafundishwa kukanda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na akaonywa kwamba akikitoa mapema tundu litaziba na usaha ndani. Kwa wiki mbili alilalia ubavu wa kulia bila kugeuka. Uvimbe ukashuka.

Dada yake alikuja Jumapili iliyofuata. Siku hizi amestaafu ukarani, na ana mazoea ya kuja kula mchana. Mama Kola alikuwa akimenya viazi, sikio lake la kushoto likiwa upande wa mlango. Dada alisimama kizingitini, mkoba mkononi.

"Iliuma?" akauliza.

Mama Kola akaanza kumweleza habari za sindano na maji ya chumvi.

"Siyo hiyo, mdogo wangu. Ile."

Walikaa jikoni mpaka viazi vikabadilika rangi. Dada alisema aliiona damu siku ile. Aliiona kabla ya kitu kingine chochote, ikamtisha, na mdomo ukatoa neno la hereni. Tangu hapo hakujua pa kuanzia kulirudisha. Mama Kola hasimulii yaliyofuata, anasema hayo ni ya jikoni kwake.

Mtoboaji amemwambia kuna madaktari wanaoweza kushona nyama iliyochanika ikaungana. Anasema atafikiria, ila hana haraka.

Kinachomshughulisha sasa ni Jumamosi ijayo. Dada mtu, mwenye miaka hamsini na sita na wajukuu watatu, ameomba apelekwe kwenye kile chumba chenye kiti kimoja. Ameshapiga simu mara mbili kuuliza achague kitone kipi.

"Nimemwambia asichague," anasema Mama Kola, akivuta shati la kumi na mbili. "Aje tu. Nitamshika mkono."