Danieli Upande wa Kushoto

Ipo siku moja ya baridi pale Iringa ambayo hainitoki, mwanangu. Siku ya ndoa yangu naikumbuka kwa vipande, na mke wangu akisoma hapa atajua nimesema kweli, maana yeye anakumbuka hata vipande nilivyovisahau kwa makusudi. Lakini siku hiyo naikumbuka nzima, mpaka harufu ya vumbi linapopata moto ndani ya mashine.

Ilikuwa miaka ya sabini inaelekea ukingoni, vitu vimeadimika madukani, na kila mtu tulimwita ndugu, hata yule aliyekunyima sukari. Nilikuwa kijana wa mjini, nimepanga chumba karibu na soko, kazi yangu kurekodi kwaya, harusi na ngoma. Nilikuwa na tepurekoda kubwa ya mikanda ya kuzunguka. Niliipata Chunya kwa mchimba dhahabu mmoja aliyehitaji baiskeli kuliko muziki. Tulibishana kutwa nzima. Jioni akaondoka na baiskeli, mimi nikabaki na mashine na kengele ya baiskeli, kwa sababu kengele haikutajwa kwenye mapatano. Ndivyo nilivyokuwa. Hata leo mvua ikianza kunyesha nauliza mwisho wake ngapi.

Sasa, palikuwa na dereva wa malori anaitwa Danieli. Mchana barabarani, Jumapili kwaya. Alikuwa na sauti nene, tulivu, ya mtu asiye na haraka, jambo la ajabu kwa dereva. Siku moja alikaa peke yake mbele ya tepurekoda ndogo ya kanisa akaimba wimbo mmoja aliotaka kuwafundisha wenzake, ubeti kwa ubeti. Kabla hawajajifunza, homa ikampata. Hakukaa nayo sana. Tukamzika.

Ule wimbo ndio sauti pekee aliyoacha duniani, kwenye kimkanda kidogo.

Aliacha pia mama yake, mjane wa Kihehe aliyeishi juu kule mlimani, tukimwita Mama Danieli. Akaacha mke, Tusekile, Mnyakyusa wa Mbeya, na mtoto wa kike aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Na hapo ndipo moto ulipowaka. Kaka yake Tusekile, Ambilikile, alikuja na ndugu zake kumchukua dada yao arudi kwao. Upande wa Danieli wakasema mke wa marehemu na mtoto hawatoki pale. Wakaacha kusalimiana. Unajua kwetu ugomvi wa msiba ulivyo: watu wanakula sufuria moja lakini hakuna anayempisha mwenzake njia.

Siku ya kumaliza matanga ikakaribia. Mwalimu wa kwaya, Yohana, akanijia. Wanataka kuimba na Danieli wimbo wake, sauti yake na sauti zao pamoja, ili siku ile usikike. Nikasema inawezekana. Mashine ndogo itapiga sauti ya Danieli kupitia spika, kwaya itaimba, na mashine yangu kubwa itapokea vyote kwa maiki. Nikadai maharage. Nikapewa maharage.

Tukafanya hivyo. Mashine yangu ilikuwa na njia mbili za kupokelea sauti, ya kushoto na ya kulia, na kila njia huandika mstari wake kwenye mkanda uleule. Mimi nikamwaga Danieli na kwaya yote kwenye njia zote mbili kwa pamoja, nikiamini sauti ikijaa huku na huku ndiyo uzuri wenyewe. Yohana akasikiliza, akafurahi. Alijisikia yeye mwenyewe vizuri sana.

Habari ikamfikia Ambilikile. Akaja kwangu na mkungu wa ndizi begani.

"Kaka, nasikia watu wa huku wameimba na shemeji yetu."

"Wameimba."

"Na sisi tuliomwozesha?"

Mwanangu, swali hilo lilikuwa zito. Kwenye matanga kila upande hupewa zamu yake ya kusema. Wenye mji husema, wakwe husema, marafiki wa kazi husema, na ukiruka upande mmoja umewatukana mbele za watu. Ambilikile aliuona ule wimbo kama baraza lile lile. Nami nikauona hivyo hivyo, hasa baada ya kuziona ndizi. Nikamwambia nao watapata zamu. Baadaye wakaja madereva waliofanya kazi na marehemu, nao wakataka. Nikawakubalia. Ungenitazama siku hizo ungedhani nagawa viwanja.

Tatizo lilikuwa mikanda. Mji mzima tulikuwa na miwili tu, huo mkubwa wangu na ule mdogo wa kanisa. Ili wakwe waimbe juu ya kwaya, ilibidi nicheze mkanda mkubwa na kupokelea kwenye mdogo. Na mkanda ukipokea sauti mpya, ya zamani inafutika hapo hapo inapopita. Nililijua hilo. Nikajiambia si kitu, Danieli tayari yumo kwenye mkubwa, kwa hiyo atahamia tu. Leo mnabonyeza mnahamisha sauti kutoka treki hii kwenda ile, na ukikosea unabonyeza tena inarudi. Sisi hatukuwa na cha kurudisha.

Basi siku hiyo ya baridi tukakusanyika kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Kwaya upande mmoja, Wanyakyusa upande wa pili, madereva mlangoni, na makoti yamefungwa mpaka shingoni. Mkanda mdogo nilikuwa nimeshaurudisha mwanzo. Kidole changu kiko kwenye kitufe chekundu cha kurekodi. Mara Mama Danieli akaingia, kitenge kichwani, Tusekile nyuma yake na mtoto mgongoni.

"Kamwene," akasalimia kwa Kihehe.

Tukaitikia wote.

"Nimekuja kumsikiliza mwanangu kabla ya watu."

Nani angekataa? Nikaucheza ule mkubwa. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Wimbo ulipokwisha akainua kichwa, akaniangalia.

"Watu nimewasikia. Danieli yuko wapi?"

"Yumo, mama. Yuko nyuma yao."

"Nyuma? Kwenye wimbo wa matanga yake?"

Kule mlangoni dereva mmoja akacheka kwa pua, akanyamaza mwenyewe.

"Mlete mbele," akasema.

"Haiwezekani, mama. Wameshachanganyika. Nikimwinua yeye, na wao wanainuka."

"Na hiki kimkanda kidogo?"

"Humo yuko peke yake."

"Sasa kwa nini umekishikilia hivyo?"

"Ndugu zetu wa Mbeya nao wanataka kuimba. Nitawapokelea humu."

"Na Danieli aliyemo humu atakwenda wapi?"

Nikakitazama kidole changu, bado kiko juu ya kile kitufe chekundu. Tusekile alikuwa ameweka mkono mdomoni. Nadhani yeye alielewa kabla ya wote kwamba nilikuwa nimebakiza kidole kimoja tu kumfuta mumewe.

Mama Danieli hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angepandisha.

"Kijana, kwaya umewapa zamu. Wakwe umewapa. Hata hawa wa mlangoni umewapa. Mimi uliniuliza?"

"Mama, wewe hukudai kitu."

"Ndiyo maana hukuniona. Wewe unawaona wanaodai tu."

Nimeambiwa maneno makali mengi maishani, mwanangu, mengine na watu walioshika panga. Hakuna lililoingia kama hilo. Nilijiona hodari wa kupatana na kila mtu, kumbe nilikuwa nimepatana na wenye sauti juu ya mtu asiye na sauti tena, na juu ya mama yake aliyenyamaza.

Nikaondoa kidole. Nikautoa mkanda mdogo kwenye mashine kabisa, nikamkabidhi mkononi.

Akaupokea, lakini hakuondoka. Akakaa kwenye benchi.

"Namtaka mwanangu peke yake. Na watu wake nawataka. Alikuwa na watu, sitaki asikike kama yatima."

"Mama, hapo chagua kimoja."

"Viwili."

"Mama, mashine hazitoshi."

"Viwili. Wewe si mtu wa soko? Fikiri."

Nilikuwa nimebanwa kama nilivyowabana wengi. Nikazitazama zile waya. Nikazitazama tena. Hapo ndipo nikaona nilichopaswa kuona tangu mwanzo. Zile njia mbili, ya kushoto na ya kulia, hazikuwa za kujaza sauti kama magunia mawili ya mkaa. Ningeweza kumpeleka Danieli kwa waya moja kwa moja mpaka njia ya kushoto, bila spika, bila maiki, akakaa peke yake. Watu wote wakaingia kwa maiki, njia ya kulia. Wangesafiri kwenye mkanda mmoja, kila mmoja na mstari wake, na anayetaka kumsikia Danieli tu angefunga upande wa pili. Na mkanda mdogo ungecheza tu, bila kuguswa.

Ila palikuwa na gharama, nikaitaja mbele ya wote. Kilichorekodiwa na kwaya kitafutika. Na kwa kuwa njia ya watu ni moja, hakuna zamu. Wote wataimba kwa pamoja, maiki moja, mara moja.

Yohana akaruka. "Na sehemu yangu ya kuongoza?"

"Imekwenda, mwalimu."

"Maharage je?"

"Tumeshayala."

Ambilikile naye akavuta mdomo. "Tusimame na hawa? Bega kwa bega?"

"Maiki ni moja, kaka. Ukisimama mbali husikiki."

Kikabaki kitu kimoja. Spika lazima izimwe, la sivyo sauti ya Danieli ingevuja kwenye maiki. Kwa hiyo hakuna atakayemsikia isipokuwa mtu mmoja, atakayevaa hedifoni na kuwaongoza wengine kwa mkono. Yohana akanyoosha mkono. Ambilikile naye akanyoosha. Nikajua ugomvi umerudi, na safari hii mimi nisingeuza nafasi ile hata kwa shamba.

"Mama," nikasema, "nakuuliza wewe. Nani avae?"

Akageuka. "Tusekile."

Tukamshusha mtoto mgongoni, akachukuliwa na bibi yake. Nikamvalisha Tusekile hedifoni. Watu wa Iringa na watu wa Mbeya wakabanana mbele ya maiki, wametazama mtu mmoja, yule yule waliyekuwa wakimgombea, na hakuna aliyeweza kufungua kinywa mpaka yeye anyanyue mkono.

Mara ya kwanza Wanyakyusa walianza mapema. Tusekile akakata kwa kiganja. "Bado," akasema, "hajavuta pumzi." Akimaanisha mumewe. Watu wakainamisha macho.

Mara ya pili tukaenda. Mimi nilikuwa nachunga mishale ya mashine inayopima sauti, lakini ilibidi nimtazame. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, asiyafute, kwa sababu mkono mmoja ulishikilia hedifoni na mwingine ulikuwa unapiga mwendo. Mkono ule haukuyumba. Waliimba bila kumsikia wanayeimba naye, wakimwamini yeye tu. Mzee mmoja wa kwaya alimshika Ambilikile bega ili wote wawili wafikie maiki, na wimbo ulipokwisha mkono ulikuwa bado pale.

Nikamwita Mama Danieli. Kwanza nikafunga upande wa kulia. Danieli akasimama peke yake ukumbini, karibu kabisa, unasikia mpaka anavyomeza mate kati ya beti. Mama yake akafumba macho. Halafu nikawafungua watu, polepole, wakaja wakamzunguka.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauinua ule mkanda mdogo.

"Huu unabaki na mimi," akasema. "Ule mkubwa tutausikiliza siku ya matanga, halafu uende Mbeya na Tusekile. Na mtoto wake."

Mashemeji zake, wale waliosema mjane na mtoto hawatoki pale, wakataka kusema kitu. Hawakusema. Ambilikile akavua kofia.

"Mama mkwe, mtoto akianza shule, kila zikifungwa atakuja kwako."

"Atakuja," akajibu, "na atamsikia baba yake kwa pande zote mbili."

Ule mkanda mkubwa ulikuwa mali yangu, mwanangu, na hakuna aliyeniuliza bei. Nami sikuitaja.

Nakuachia haya. Utakapokuwa unaunganisha vitu, ziwe sauti kwenye kompyuta yako, ziwe ndugu, ziwe mashamba ya urithi, anza kwa kuuliza nani mwenye jambo lenyewe, umpe njia yake peke yake kabla hujawaingiza wengine. Usifute kitu cha kwanza kabisa, hata kama nafasi ni finyu na watu wamekuja na ndizi. Kilichochanganyika hakichambuliki. Na katika kila mapatano mtafute aliyenyamaza, umuulize yeye kabla ya wote, maana mwenye kelele atakutafuta mwenyewe.

Mungu akupe sikio linalosikia nyuma ya watu. Akupe mkono usioyumba machozi yakishuka. Na siku utakayotutangulia au utakayotufuata, sauti yako ipate mtu wa kuitunza ikiwa nzima, na watu wa kuizunguka. Amina.