Alama za Pumzi

Shemeji yangu hajui kukaa kitako. Ukimkaribisha kiti atakushukuru, atakishika mgongo, kisha ataendelea kusimama akigongagonga mbao kwa vidole. Kazi yake ni kutengeneza vyerehani vibovu, na hata hiyo huifanya wima, bisibisi mkononi, wimbo mdomoni, penseli nyuma ya sikio. Ile penseli si ya vyerehani, ni ya kwaya. Kila Jumamosi alasiri sisi watu ishirini na wawili tunajibana kwenye madawati ya darasa la pili, naye anatufundisha nyimbo alizotunga wiki nzima huku akikanyaga vyerehani vya watu kuvijaribu. Katikati ya maneno huchora alama ndogo: hapa vuta pumzi. Kwetu hakuna anayepumua anapotaka. Tunapumua penye alama, wote kwa pamoja, na ukijipumulia ovyo anakutazama mpaka unatamani kuingia chini ya dawati. Wenzangu wanamwita Mzee Pumzi, akiwa hayupo lakini. Mimi namwita Shemeji na namtania nitakavyo, maana amemuoa dada yangu.

Dada ndiye sauti yetu ya mbele. Miaka mitano iliyopita mapafu yalimlaza mwaka mzima, na alipotoka hospitali aliambiwa arudi kila miezi mitatu kupimwa. Akarudi mara mbili, basi. Nikimkumbusha ananijibu, "Mdogo wangu, mgonjwa wa mapafu anaimba vile? Njoo Jumamosi usikilize." Nami nilikuwa nanyamaza, kwa sababu ni kweli alikuwa anaimba. Roho yangu haikutulia, lakini ningemshinda kwa ushahidi gani?

Mashindano ya kwaya yalipokaribia, katibu wetu alisimama mbele ya darasa. Ni mwanamke anayeuza simu, mchangamfu, mwepesi wa ulimi. "Mwalimu, usinikasirikie," akasema, "nyimbo zako siku hizi zinakatikakatika. Majaji watadhani tuna kwikwi." Akatoa simu yenye ile programu ya akili mnemba inayotunga muziki. Akaandika mistari mitatu ya maelezo, na kabla hajafunga mkoba wimbo ukawa tayari, umeimbwa na kwaya ambayo haijawahi kukutana popote.

Sitadanganya, niliupenda. Mwili ulinisisimka, na nikamchukia katibu kwa hilo. Mstari wa kwanza ulikwenda, ukaenda, ukapanda, na ulipofika pale ambapo mtu wa kawaida angeshuka ukazidi kupanda. Dada macho yalimng'aa. "Huo nataka kuuimba," akasema.

Shemeji aliuliza jambo moja tu. "Hawa wanapumua wapi?"

"Hawapumui, Mwalimu. Wapumue wana shida gani?"

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na nota mkononi, zimeandikwa na programu nyingine, bila alama hata moja. Hapo likatokea jambo ambalo lisingetokea kwa kwaya yoyote ila yetu. Kwaya nyingine hupumua kwa zamu: huyu akivuta, jirani yake anashikilia sauti, na msikilizaji hajui kitu. Sisi hatukuwahi kufundishwa hivyo. Tulisubiri alama, alama haikuja, na katikati ya mstari wa tatu tukazimika wote ishirini na wawili kama mtaa uliokatiwa umeme. Tulicheka mpaka machozi. Kisha Dada akaanza sehemu yake ya peke yake. Hakufika hata nusu ya mstari. Sauti ilimkatika, akashika dawati kwa mikono miwili, akasema ni vumbi la chaki. Shemeji alikuwa anajifuta viganja kwenye suruali, anajifuta tena.

Jumatatu nilikwenda kwenye karakana yake nikiwa nimefura. Nilitaka kumuuliza ni mwalimu gani asiyewafundisha watu wake kupumua kwa zamu. Nikakuta ametoka kutafuta mkanda wa cherehani, na madaftari yake yamepangwa kwenye rafu. Nikayafungua, mimi na umbea wangu. Kila wimbo una tarehe yake. Ule wa mwezi aliotoka Dada hospitali, kwenye sehemu ya Dada, alama ya pumzi inakuja kila baada ya hesabu kumi na sita za mapigo. Mwaka uliofuata, kumi na mbili. Halafu kumi. Wimbo wa mwezi uliopita, sita. Sehemu zetu wengine nazo zilifupishwa kufuata ya kwake, ili asionekane. Miaka minne kwaya nzima ilikuwa inapumua kwa kifua cha dada yangu, na hatukujua.

Shemeji aliingia akanikuta nimesimama na daftari.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Sikuambiwa na mtu. Nilikuwa nasikia tu."

"Ukanyamaza."

"Akiacha kuimba atalala kitandani asiinuke. Unamjua dada yako."

"Na hospitali haendi kwa sababu anaimba. Na anaimba kwa sababu ya penseli yako. Shemeji, umemfichia mtu ugonjwa wake mwenyewe."

Alizungusha gurudumu la cherehani kisichokuwa hata na uzi, akalizungusha tena. Damu ilikuwa inanichemka na wakati huohuo nilikuwa namhurumia, na sijui kipi kilinichosha zaidi. Nikampa mpaka Jumamosi amwambie, la sivyo nitamwambia mimi. Nikaondoka na daftari lenye sehemu za Dada za miaka yote minne.

Jumamosi ilifika hajamwambia. Niliona kwa anavyozunguka madirishani. Katibu, ambaye hakujua lolote, alikuwa amekuja na dawa ya matatizo yetu. Akaiweka simu juu ya dawati la mbele. "Iambie tu ifupishe, Mwalimu. Ongea nayo, inasikia."

Shemeji akainama. "Fupisha mistari," akasema.

Simu ikajibu kwa adabu, ikauliza waimbaji ni wa namna gani na wanaweza kushikilia pumzi kwa muda gani.

Shemeji alitoa penseli sikioni, akairudisha. Alinitazama mimi, nami nikatazama ubao.

"Hesabu sita," akasema.

"Nani huyo wa hesabu sita?" Dada akauliza.

Dada yangu si mjinga. Alinyoosha mkono kuelekea daftari lililokuwa kwapani mwangu, nami nikampa. Alifunua ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikifuata tarehe, midomo ikihesabu. Nilitamani anitukane. Alipomaliza aliinama mwenyewe kwenye simu.

"Andika hivi," akasema. "Mwimbaji wa mbele ana mapafu mabovu. Leo anafika hesabu sita. Mwakani hatujui."

Haikuchukua dakika, wimbo ukatoka. Mistari ilikuwa mifupi na haikuwa na kwikwi, na pumzi zilikaa palepale anapochoka Dada. Ulimkaa barabara. Shemeji aliusikiliza mpaka mwisho, kichwa chini. "Kazi nzuri," akasema, na niliona ilivyomuuma kusema hivyo, maana ilikuwa kweli.

Dada hakuuimba. Alilifunga daftari, akamkabidhi mumewe mbele ya watu wote.

"Jumatatu asubuhi tunakwenda hospitali," akamwambia. "Madaftari yote uyabebe. Daktari ataniuliza ilianza lini, na mimi sijui."