Jina la Masomo

Harufu ya mihogo iliyolowekwa hunirudisha Nyabiondo, kijijini kwetu Masisi, msimu wa maharage, nikiwa na miaka minane. Msimu ule tulikimbia risasi mara kwa mara, hadi mama akanitungia sheria. Nyumbani niliitwa Kahindo. Beatrice lilikuwa jina la masomo, alilolijua kila aliyeona daftari langu. "Ukiwa unajificha, muntu akiita Beatrice, nyamaza," mama aliniambia. "Akiita Kahindo, njo utoke." Nilikuwa mtoto wa kushika maneno kama yalivyo. Dada yangu Furaha, aliyeniita Beatrice kila siku tukienda shule pamoja, alinitania kwamba nikitumwa maji bila kuambiwa nirudi, nitahamia mtoni.

Asubuhi moja mama alikuwa sokoni, sisi wawili shambani, risasi zikalia upande wa pili wa kilima. Tukatawanyika. Nikajitupa katikati ya mihogo. Baadaye nikamsikia Furaha njiani, anahema, analia: "Beatrice, weye Beatrice, uko wapi?" Sauti niliijua. Niliijua vizuri kabisa. Lakini jina halikuwa lile, nikanyamaza, uso nimeubana udongoni, na moyoni nikajisifu kwa kutii. Alipita akinitafuta kuelekea msituni. Hatukumwona tena.

Leo ni mtafiti wa lugha za kompyuta katika chuo kikuu kilicho mbali na Masisi. Natunga lugha ambazo watu huzitumia kuipa mashine maagizo, na miaka yote nimeng'ang'ania swali moja: mashine ifanye nini ikiitwa kwa jina lisilo sahihi na mtu anayestahili kujibiwa? Wenzangu wanadhani ni bidii ya kazi. Bidii gani, ni mateso tu. Siku moja, katikati ya mkutano, niliitika "Niko hapa," na hakuna aliyekuwa ameniita.

Kila mwaka mama aliniuliza kwenye simu, "Dada yako hakukuita?" Nami nilijibu hakuniita. Mwaka huu nilichoka kudanganya. "Aliniita, Mama. Aliniita Beatrice, nikashika sheria yako."

Nilisikia kuku wake uani. Nilitamani anilaumu. Hatimaye akasema polepole, "Yeye sikumwambiaka ile sheria. Nilikuambia weye tu."

Tangu hapo haniulizi tena. Juzi alipiga mwenyewe, akataka kujua kama mimi pia namsikia Furaha akiita.