Siku Nilipotafsiri Pamba Mbele ya Wakwe

Jamani, chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana nikipita senta ya Mugeta kuna watu wananiitaga Mtaalamu, na siyo kwa heshima.

Ilikuwa siku ya wakulima, kwenye shamba la majaribio ya pamba linalopakana na langu, na mtafiti wa mbegu alikuja na maneno yake mazito (vinasaba, sijui uzalishaji, sijui ubora wa nyuzi) mpaka mwenyekiti wa kijiji akaona watu wanasinzia, akanikabidhi maiki: "Magesa, wewe una mdomo, hebu waeleweshe kwa lugha ya nyumbani." Ningesema tu kwamba pamba moja inabeba vitumba vingi ila nyuzi zake fupi, nyingine ina nyuzi ndefu ila inabeba kidogo, sasa wanazipandisha wapate mbegu moja yenye yote mawili, halafu nikakaa. Lakini nilikuwa nimewaalika wakwe zangu toka Bukima waje waone mkwe wao anavyoheshimika, kwa hiyo kichwa kikavimba.

"Ndugu zangu, chukulieni hii kama ndoa," nikasema. "Mama huyu hapa," nikanyoosha fimbo kwenye mstari wa kwanza wa pamba, "anazaa sana, ila watoto wote wanatokaga wafupi. Baba huyu hapa," fimbo ikahamia mstari wa pili, "ni mrefu, tena mzuri, ila kwenye kuzaa, mh, anajitahidi tu."

Watu wakaangua kicheko. Nikaona imenoga, nikarudia, fimbo nikainyoosha vizuri zaidi. Ndipo nikaona viti vya wageni vimepangwa mbele kabisa ya ile mistari miwili, na fimbo yangu inamwonyesha mama mkwe, aliyezaa watoto tele wote wafupi (mke wangu Nyamisi akiwemo, nampenda hivyohivyo), na pembeni yake baba mkwe, mrefu kama nguzo ya umeme.

"Sasa hao watoto ni wa nani?" mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaing'ang'ania maiki: "Jamani, sijasema baba mkwe hazai!" (spika zile zilikuwa zinasikika mpaka mnadani), na mtafiti, maskini, hajui lolote, akadhani swali ni lake, akainamia maiki taratibu: "Swali zuri sana. Mara nyingi nyuki huleta chavua kutoka kwa jirani."

Baba mkwe akasimama, akavaa kofia. "Nyamisi, huyu mwanaume ulimtoaga wapi?" Akaondoka. Mama mkwe akamfuata amejifunika kitenge usoni, mabega yanatikisika, nikajua nimemliza mama wa watu. Nyamisi ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mama yake alikuwa anacheka, na alicheka njia nzima.

Nilipeleka beberu, wazee wakaniombea msamaha, nikaruhusiwa kuingia tena kwenye ule mji wa wakwe kwa sharti moja: nisiongelee kilimo. Nalishika sharti hilo hata kwangu. Siku hizi mkulima akiniuliza ile mbegu mpya ikoje, namwambia nyeupe.